Mjane, Kikao cha Ukoo na Sheria za Nchi

Siku chache baada ya mazishi, wageni wa mbali wakiwa wamekwisha kuondoka, ukoo wa marehemu hukaa kikao. Mchungaji au mwinjilisti hualikwa kufungua kwa sala. Akiisha kuomba huaga na kwenda zake, kwa kuwa mambo yanayofuata huhesabiwa kuwa ni ya ukoo na si ya Kanisa. Nyuma yake husomwa madeni, hugawanywa nguo, hupendekezwa msimamizi wa mirathi. Na katika saa hizo chache mjane hujua kama nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe itaendelea kuwa makao yake au la.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi Serikali ya Tanzania ilivyojaribu, tangu Uhuru, kumlinda mwanamke katika usalama wake, usawa wake na riziki yake, na kwa nini juhudi hizo, ambazo si haba, hupungukiwa nguvu hasa pale anapofiwa na mume. Nazungumzia Tanzania Bara tu, maana Zanzibar ina sheria zake. Wala sitaeleza sheria ya Kiislamu ya mirathi, ambayo yahitaji mwandishi anayeifahamu kuliko mimi.

Ndoa katika sheria ya 1971

Hatua kubwa ya kwanza ilikuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ilitanguliwa na waraka wa mapendekezo ya Serikali wa mwaka 1969, uliozua mjadala mkali. Sheria hiyo ilizikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, ikatamka mambo ambayo hata leo huwashangaza washarika wetu wanapoyasikia. Mke anayo haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja pasipo ridhaa ya mwenziwe. Hakuna mwanandoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake, hata kama mila inasema vingine. Na mjane, ijapokuwa iko desturi iliyo kinyume, yu huru kukaa apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume atakayemchagua mwenyewe. Kwa maneno hayo desturi ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu ilinyang'anywa nguvu ya sheria zaidi ya miaka 50 iliyopita. Ni wangapi kati yetu tuliopata kulitaja jambo hilo kwa washarika?

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na kwa kibali cha mahakama hata akiwa na 14, ilhali mvulana wa kawaida alitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Mwaka mmoja uliotolewa kwa ajili ya marekebisho ulipita bila sheria kubadilishwa. Nalitaja jambo hili kwa ufupi, kwa sababu tutaona kwamba si mara ya pekee mahakama kusema neno na maandishi ya sheria kubaki yalivyokuwa.

Kuhusu mali, sheria ya 1971 iliipa mahakama mamlaka ya kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Je, mwanamke aliyekaa nyumbani, akapika, akafua na kulea, amechangia nini katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mumewe? Majaji walitofautiana mpaka mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango halisi katika kupatikana kwa mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa zimetumika vibaya, lakini kanuni iliyowekwa katika shauri lake imewafaa wanawake wengi sana.)

Sasa nawaomba wasomaji watazame jambo moja ambalo kwa kawaida halionekani. Mamlaka hayo ya kugawanya mali hutumika ndoa inapovunjwa na mahakama, au wanandoa wanapotenganishwa. Hayatumiki ndoa inapokwisha kwa kifo. Kwa hiyo mwanamke aliyeachana na mumewe baada ya miaka 20 ya ugomvi aweza kusimama mbele ya hakimu na kudai fungu lake kwa jasho lake. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka 20 kwa upendo, akamuuguza na kumzika, hawezi kutumia mlango huo. Yeye huingia katika sheria za mirathi, na huko hukutana na mwaka 1963.

Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963

Mara baada ya Uhuru Serikali ilitaka kuziunganisha mila za makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, ili hakimu asihitaji kuuliza wazee upya kila mahali. Nia ilikuwa njema. Mila zikaandikwa, zikatangazwa rasmi mwaka 1963, na kupewa nguvu ya sheria katika wilaya zilizozikubali. Katika sehemu ya urithi, warithi waliwekwa katika madaraja matatu: kwanza mwana wa kiume mkubwa, kisha wana wengine wa kiume, na mwisho mabinti. Mwanamke aliweza kurithi, lakini shamba la ukoo alipewa kulitumia maisha yake tu, si kuliuza. Na kwa habari ya mjane kanuni ilisema kwamba hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Si haki kuicheka kanuni hiyo kana kwamba iliandikwa na watu wasio na huruma. Wazee walioisimulia waliishi katika nchi ambayo shamba halikuuzwa kwa mgeni. Mjane hakuwa na jina lake katika kihamba au kibanja, lakini hakuna aliyemwondoa humo. Alilima, akavuna, akazikwa pale. Kutokuwa na fungu hakukuwa na maana ya kukosa mahali. Ardhi ilipokuwa bidhaa, kiwanja kikipata bei na kahawa ikiuzwa, ule ulinzi ambao haukuandikwa ulitoweka, na kile kilichoandikwa, yaani kunyimwa fungu, kikabaki. Zaidi ya hayo kanuni hiyo hudhani kwamba mjane ana watoto, kwamba ni wakubwa, na kwamba ni wema. Mjane wa miaka 25 mwenye mtoto mgongoni atatunzwa na nani?

Mwaka 1984 Katiba iliongezewa haki za binadamu, na tangu mwaka 1988 haki hizo ziliweza kudaiwa mahakamani. Muda si mrefu zikajaribiwa Kagera. Mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipokuwa mzee hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akadai mahakamani kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ya 1963 inapingana na Katiba katika neno hilo, na kwamba mwanamke aweza kuuza shamba la ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Mwanafunzi wa Agano la Kale hawezi kusoma hukumu hiyo bila kukumbuka binti watano wa Selofehadi (Hesabu 27), waliosimama mbele ya Musa, Eleazari na wakuu, wakadai milki ya baba yao. Musa hakuwajibu kwa mila. Aliileta haja yao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Lakini tusiishie hapo, kama wahubiri wengi wafanyavyo. Katika sura ya 36 wakuu wa koo za kabila lao wanarudi na hoja yao: binti hawa wakiolewa na watu wa kabila jingine, ardhi itaondoka kwetu. Nao pia wanaambiwa kwamba wamesema vema, na binti wanaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Maandiko hayaifichi hofu ya ukoo. Mchungaji anayekwenda katika kikao cha ukoo akidhani kwamba kila mjomba na kila shemeji ni mnyang'anyi tu, hatasikilizwa, wala hatakuwa amesema kweli.

Hukumu ya mwaka 1990 ilihusu uuzaji wa shamba la ukoo. Kanuni inayomnyima mjane fungu ilibaki. Wajane wawili, walioondolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao, waliipeleka kanuni hiyo Mahakama Kuu wakiomba itamkwe kuwa batili. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta; iliogopa kwamba kuzifuta kungefungulia mashauri juu ya mila zote. Mwaka 2010 rufaa yao iliondolewa na Mahakama ya Rufani kwa dosari ya hati, bila hoja yenyewe kusikilizwa. Ndipo wakaenda mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 2015 Kamati iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikataka walipwe fidia na sheria hizo zirekebishwe. Tangu Mahakama Kuu iseme mpaka Kamati iseme ni miaka 9. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa amekwisha kuanza shule na kufika madarasa ya juu.

Ardhi, riziki na usalama

Katika ardhi Serikali ilikwenda mbali zaidi kuliko katika mirathi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Ile ya vijiji iliongeza kwamba mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Iliagiza pia kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wajumbe 3 wawe wanawake. Hapa pana silaha ambayo wajane wachache huijua: anayedai kwamba mila inamkataza mjane kukaa katika shamba la kijiji ana wajibu wa kueleza mila hiyo inaendaje pamoja na sheria ya 1999. Na kama jina la mke limeandikwa pamoja na la mume katika hati ya haki miliki ya kimila, kikao cha ukoo kitapata shida kuligusa shamba hilo.

Kwa habari ya riziki nitapita upesi, maana wanafunzi wengi wanaifahamu kutoka vijijini kwao. Mwaka 1993 uliundwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake, ukikopesha vikundi kwa njia ya halmashauri. Mwaka 2009 ilifunguliwa Benki ya Wanawake, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta. Mwaka huo huo wa 2018 sheria iliagiza kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Marejesho yalisuasua, vikundi hewa vikatajwa, na mwaka 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo ili kutafuta utaratibu mwingine. Ilirudishwa mwaka 2024. Ni mpango mwema, nami nimeona mabanda ya kuku na cherehani zilizotokana nao. Lakini mkopo wa kikundi humfaa mwenye makao. Mjane aliyefukuzwa huacha kikundi, kuku na wenzake waliomdhamini, na deni humfuata alikokimbilia.

Katika usalama wa mwili, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, ikafanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Mume hata hivyo hakuhesabiwa mbakaji isipokuwa wametengana, jambo ambalo wataalamu wa maadili ya Kikristo wangepaswa kulijadili kwa ujasiri zaidi. Madawati ya jinsia na watoto yaliwekwa katika vituo vya polisi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017, na awamu yake ya pili ikazinduliwa mwaka 2024. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 uliona kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu kufikisha miaka 15. Ule wa mwaka 2022 uliona 27. Yafaa kushukuru. Robo nzima ya akina mama wanaoketi katika mabenchi yetu si idadi ndogo.

Mkristo hurithiwa kwa sheria ipi?

Hapa ndipo mambo yanapowahusu wachungaji moja kwa moja. Mirathi ya Mtanzania Bara yaweza kuamuliwa kwa sheria tatu: ya kimila, ya Kiislamu, au ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza. Sheria hii ya tatu, ngeni kwa jina na kuukuu kwa umri, ndiyo inayomtendea mjane kwa usawa kuliko ya kimila. Kama marehemu ameacha watoto, mjane hupata theluthi moja, na theluthi mbili hugawanywa kwa watoto sawasawa, wa kiume na wa kike. Kama hakuna watoto bali ndugu, mjane hupata nusu.

Washarika wengi hudhani kwamba Mkristo, kwa kuwa amebatizwa, hurithiwa kwa sheria hiyo. Sivyo. Mahakama huanza kwa kudhani kwamba Mwafrika asiye Mwislamu hurithiwa kwa mila ya kabila lake, mpaka ionekane vingine. Huuliza mambo mawili: marehemu alikuwa na nia gani, kwa maneno au kwa maandishi, na mtindo wa maisha yake ulikuwa wa namna gani. Katika shauri la mirathi ya Mbilinyi la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliitumia sheria ya 1865 kwa sababu marehemu aliishi mjini mbali na kwao, alikuwa ameoa mwanamke wa kabila jingine, na maisha yake hayakuwa tena ya kimila. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi.

Neno hilo linatuhukumu sisi pia. Jaji akiuliza kama marehemu aliishi kama Mkristo au kama mtu wa mila, maana yake anauliza kama Ukristo wake ulifika mpaka kwenye mali yake. Na shahidi wa jambo hilo ni nani kama si mchungaji wake? Nimesikia wenzetu wakisema kwamba mirathi ni mambo ya utawala wa dunia, na kwamba mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili yanatukataza kuyaingilia. Ni kweli kwamba Luther aliihesabu ndoa kuwa jambo la dunia, ambalo mamlaka ya nchi huliwekea taratibu. Tutazame basi yeye mwenyewe alifanya nini.

Wosia wa Luther

Sheria ya Sachsen katika siku zake ilimpa mjane kidogo mno; mali ya mume haikuwa yake, na watoto waliwekewa walezi wanaume. Mwezi Januari mwaka 1542 Luther aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe. Alimwachia mkewe, Katharina von Bora, shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo waliyoinunua Wittenberg, na vikombe na vitu vya thamani. Alieleza sababu zake: kwamba amekuwa mke mwaminifu na kumzalia watoto, kwamba atabeba na kulipa madeni yatakayobaki, na kwamba hakutaka mama awe wa kuwategemea watoto, bali watoto wawe wa kumtegemea na kumheshimu mama, kama Mungu alivyoagiza. Msomaji alinganishe sababu hiyo ya mwisho na kanuni yetu ya mwaka 1963. Ni swali lile lile, ila Luther alilijibu kinyume.

Luther hakuwapenda wanasheria, na wosia huo hakuuandika kwa taratibu zao. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi, naye akatumaini kwamba jina lake lingetosha. Halikutosha. Alipofariki Februari 1546, chansela Gregor Brück hakuona kwamba mambo ya mjane huyo yaachwe mikononi mwake mwenyewe, na wosia ungeweza kuanguka. Uliokolewa na mtawala, Johann Friedrich, aliyeuthibitisha kwa mamlaka yake. Kisha vita viliharibu shamba, Katharina akakimbia zaidi ya mara moja, na mwaka 1552 akafariki Torgau katika hali ya unyonge.

Naona mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba mwanzilishi wa fundisho la tawala mbili hakuona kuwa ni kuvuka mpaka kuwaita wachungaji wenzake washuhudie ugawaji wa shamba na nyumba. La pili, na hili si la kumsifu, ni kwamba kwa kudharau utaratibu wa sheria alimwacha mkewe atumainie hisani ya mtawala. Mjane wa Mabira au wa Mbulu hana mtawala wa kumwandikia barua.

Yaliyo mikononi mwa mchungaji

Wosia ndio njia nyepesi ya marehemu kuonyesha nia yake, na mashahidi wake lazima wawe wa namna inayotakiwa. Kwa kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma huhitaji angalau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma huhitaji wanne. Kwa sheria ya 1865 mashahidi ni wawili, na anayeachiwa mali asiwe shahidi, maana atapoteza alichoachiwa. Kwa hiyo mke asitie sahihi. Wosia waweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Wanaume wetu huogopa kuandika wosia kwa kudhani kwamba ni kujiitia kifo. Hofu hiyo hushindwa polepole, na mara nyingi hushindwa kwanza na mchungaji aliyeandika wake mwenyewe.

Juu ya kikao cha ukoo chenyewe, yafaa kujua kwamba muhtasari wake hutakiwa mahakamani kwa desturi, lakini majaji wamesema zaidi ya mara moja kwamba si sharti la sheria. Mjane aweza kuomba usimamizi wa mirathi bila baraka ya shemeji zake. Msimamizi, awe nani, si mrithi kwa sababu ya usimamizi. Ni mtumishi wa warithi, na katika Mahakama ya Mwanzo kanuni humtaka alete orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4. Wengi hawaleti, kwa sababu hakuna anayewauliza. Mchungaji anaweza kuuliza. Tena tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, na usharika ambao haujui simu ya msaidizi wa wilaya yake umezembea.

Liko pia jambo gumu la wale walioishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Tumewatenga na Meza ya Bwana, nasi tunazo sababu zetu. Lakini mwanamume akifa, yule mwanamke hana cheti, na ukoo humwita hawara. Sheria ya 1971 hudhani kwamba watu walioishi kama mume na mke kwa miaka 2 au zaidi, na kujulikana hivyo, ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vingine. Mchungaji au mzee wa kanisa akiitwa kueleza jinsi walivyoishi, aeleze aliyoyaona. Nidhamu ya Kanisa haimpi ruhusa ya kunyamaza, na ingekuwa heri kama kazi ya kuwarudisha kundini na kubariki ndoa zao ingefanywa kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani.

Mwisho ni daftari la ndoa. Katika usharika mmoja niliowahi kutumikia, mjane alikuja kuomba nakala ya cheti chake, maana cha kwake kilikuwa kimechukuliwa pamoja na sanduku la marehemu. Tulifungua daftari. Bwana harusi alikuwa ameandikwa majina matatu, kazi yake na kijiji chake. Bibi harusi aliandikwa jina la ubatizo tu, na mbele yake neno "binti". Hakimu hakuweza kumtambua kwa maandishi hayo. Ikabidi waapishwe watu wawili walioihudhuria ndoa, mmoja wao akiwa amehamia Morogoro, na kabla ya hati za kiapo kukamilika shemeji yake alikuwa amekwisha kuvuna kahawa misimu miwili. Aliyeandika ukurasa ule alikuwa mtumishi mwema, naye alikwisha kustaafu. Nilipopita huko baadaye nilionyeshwa daftari jipya. Safu ya bibi harusi sasa ina nafasi ya majina matatu, na ya sahihi yake.